Faini za barabarani Ulaya: mgeni amerudi Bukavu, barua inabaki kwa kaka yake

Kila mwaka, likizo kubwa ikifika, watu wengi wa Kivu wenye jamaa Ulaya wanapanda ndege kwenda kuwatembelea. Wakifika kule hawakai nyumbani tu. Kuna harusi Paris, kuna matanga Lille, kuna watoto wanaotaka kuona Disneyland. Kaka anatoa ufunguo wa gari, mgeni anakaa kwenye usukani. Wiki mbili zinapita, mgeni anafunga masanduku na kurudi nyumbani. Kisha siku moja barua inaingia ndani ya kisanduku cha kaka: serikali ya Ufaransa inaomba ilipwe faini, ile ambayo kwetu watu wanaita amande.

Tuchukue mfano ambao jamaa nyingi zitautambua. Dada ametoka Bukavu, kaka anaishi Liège, inchini Ubelgiji. Dada ana permi yake ya kimataifa, bima ya gari inamruhusu mtu mwingine kuendesha, hakuna tatizo. Jumamosi asubuhi anachukua njia ya Mons na Valenciennes kwenda Paris. Upande wa Ubelgiji, mwendo wa mwisho kwenye barabara kuu ni kilometa 120 kwa saa. Akivuka mpaka, ambao hauna kizuizi wala askari, inakuwa 130. Mvua ikinyesha, Ufaransa inashusha hadi 110, na watu wengi kutoka inje hawajui hilo. Akifika kwenye ile barabara ya mviringo inayozunguka Paris, anakuta 50, maana tangu Oktoba 2024 walipunguza kutoka 70. Ndani ya mji wenyewe, karibu njia zote ni 30 tangu Agosti 2021. Mtu aliyezoea barabara ya Bukavu kwenda Uvira, ambako mashimo ndiyo yanapanga mwendo, ataona njia laini kama meza na mguu utajisahau.

Hakuna mtu atakayemsimamisha. Hilo ndilo linalowadanganya wageni wengi. Kwetu, kosa la barabarani lina sura: ni askari aliyesimama katikati ya njia, mkono juu, na mazungumzo yanaanza palepale. Kule, mara nyingi kosa halina sura. Kuna sanduku la chuma kando ya njia, au gari la kawaida linalotembea na rada ndani yake. Linapiga picha ya plake ya gari. Dada anaendelea na safari, anafika harusini, anacheza, anarudi Liège, anampa kaka ufunguo na kusema asante.

Nyuma yake, kazi imeanza. Tangu mwaka wa 2015, inchi za Umoja wa Ulaya zina sheria inayoziruhusu kuulizana majina ya wenye magari kwa makosa nane ya barabarani. Kati yake kuna mwendo wa kasi, kupita taa nyekundu, kutofunga mkanda, kushika simu ukiendesha, ulevi, na kupita kwenye njia iliyokatazwa. Mashine ya Ufaransa inaona plake ya Ubelgiji, inauliza ofisi ya Ubelgiji inayoandikisha magari, na inapata jina na adrese. Jina hilo si la dereva. Ni la yule aliyeandikwa kwenye karatasi ya gari, ile ambayo kwetu inaitwa carte rose. Kwa hiyo barua inakwenda kwa kaka, ambaye Jumamosi ile alikuwa kazini Liège na hajui hata njia gani dada alipitia.

Upande wa feza, Ufaransa imepanga bei tatu kwa kosa moja. Ukizidisha mwendo chini ya kilometa 20 kwa saa, pahali ambapo mwendo unaoruhusiwa unapita 50, faini ya kawaida ni euro 68. Ukilipa haraka inashuka hadi 45. Ukichelewa inapanda hadi 180. Pahali ambapo mwendo unaoruhusiwa ni 50 au chini yake, yaani hasa mijini, kosa hilohilo ni euro 135, inashuka hadi 90, inapanda hadi 375. Kabla ya kuhesabu, rada zilizosimamishwa pahali pamoja zinatoa kilometa 5 kama mwendo uko chini ya 100, au asilimia 5 kama umepita hapo. Dada akipita kwa 139 kwenye barabara ya 130, wanamuhesabia 132. Kilometa 2 tu za ziada, lakini faini ni ileile ya 68. Tangu Januari 2024 Ufaransa haiondoi tena nukta kwenye permi kwa kuzidisha chini ya kilometa 5, ila feza bado zinalipwa.

Kati ya 45 na 180 kuna tofauti ya euro 135, na tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa kosa. Inatokana na siku. Hapa ndipo jamaa zinapoteza feza nyingi zaidi. Kaka anafungua barua jioni, anaona ni Ufaransa, anajisemea kwamba dada ndiye aliyeendesha na dada ndiye atakayelipa. Anampigia simu Bukavu. Mtandao haushiki. Anatuma picha ya barua kwa WhatsApp. Dada anajibu kwamba hakumbuki kupita mbio, pengine ni siku ile shemeji alipokuwa kwenye usukani. Shemeji anakasirika. Wiki nyingi zinapita watu wakijadiliana, na tarehe ya bei ya chini imekwisha pita. Tarehe hizo zinahesabiwa kuanzia siku barua ilipotumwa, si siku ambayo jamaa zimeelewana.

Kuna njia rahisi ya kumaliza ubishi wa nani alikuwa kwenye usukani: mwenye gari ana haki ya kuomba picha ya rada kwenye ofisi ya Ufaransa inayoshughulikia faini hizi, ANTAI, na hailipishwi. Ila rada nyingine zinapiga picha kutoka nyuma, na hapo utaona tu plake na masanduku ya zawadi nyuma ya kioo.

Sheria inasema nini kuhusu mwenye gari ambaye hakuendesha? Ufaransa inamtambua kwanza yeye kuwa mtu wa kulipa, mpaka aonyeshe kwamba gari liliibwa, au aseme ni nani aliyekuwa anaendesha, au alete ushahidi mwingine kwamba si yeye. Ubelgiji nayo inafuata wazo hilohilo: mwenye plake anahesabiwa kuwa dereva mpaka aonyeshe kinyume. Kwa hiyo kaka ana haki ya kujaza fomu na kuandika jina la dada, adrese yake na nambari ya permi yake. Akifanya hivyo kwa wakati unaofaa, jina lake linaondoka kwenye faili na barua mpya inatumwa kwa dada.

Inatumwa wapi? Bukavu, mtaa wa Ibanda, avenue fulani, nambari fulani. Mkaaji yeyote wa Bukavu anajua mwisho wa hadithi hiyo. Kwetu hakuna faktera anayezunguka na baiskeli akiweka barua kwenye kila mlango. Mfumo mzima wa faini hizi umejengwa juu ya wazo kwamba kila mtu ana adrese yenye kisanduku cha barua, na kwamba barua ikitumwa imefika. Mtu wa Kongo anaweza kuwa na deni ambalo limepanda mara nne bila kuona hata karatasi moja, na bila nia yoyote ya kukimbia.

Ndiyo maana jamaa nyingi zinaamua afadhali kaka alipe yeye mwenyewe mapema, bei ya chini, na dada amrudishie. Ni uamuzi wa busara, lakini uwe uamuzi uliozungumzwa, usiwe mzigo ulioachwa mezani.

Kuna pia upande mwingine ambao watu hawapendi kuuzungumzia. Watu wengine wanaoishi Ulaya, wakipata faini yao wenyewe, wanaandika kwenye fomu kwamba dereva alikuwa ni mgeni kutoka Afrika ambaye amekwisha kurudi. Wanatumia jina la binamu aliyepita pale mwaka jana, pengine na nambari ya permi aliyoacha. Wanaona ni ujanja mdogo tu. Si mdogo. Fomu yenyewe inaonya kwamba kusema uongo kunaweza kupeleka mtu mahakamani. Na yule binamu aliye Goma au Uvira, anayejipanga kuomba visa tena, hajui kwamba jina lake limelala ndani ya faili la makosa ambayo hakuyafanya. Ukiacha kopi ya permi yako kwa mtu, ujue unamwachia nini.

Kosa lingine la kawaida ni kulipa na kulalamika kwa wakati mmoja. Ufaransa, ukilipa umekubali kosa na faili limefungwa. Kama kweli una sababu ya kupinga, usilipe. Fuata njia ya kupinga iliyoandikwa kwenye barua, ndani ya siku zilizoandikwa pale. Ukipinga faini ya rada kwa kusema tu kwamba hukupita mbio, unatakiwa uweke kwanza feza za faini ya kawaida kama dhamana. Huhitaji kuiweka ukitaja dereva mwingine au ukionyesha kwamba gari liliibwa. Watu wanaosahau dhamana hiyo wanaona malalamiko yao yanakataliwa bila hata kusomwa.

Mpaka hapa tumesema juu ya Ufaransa. Lakini dada aliyetoka Bukavu ni mgeni Ubelgiji vilevile, na rada za Ubelgiji ni nyingi. Brussels yote, isipokuwa njia kubwa chache, ni kilometa 30 kwa saa tangu Januari 2021. Mtu anayetoka Matonge kwenda Anderlecht akiwa na haraka anaweza kukusanya barua mbili kwa saa moja. Kwa kaka anayeishi Ubelgiji, faini ya Ubelgiji ambayo haikulipwa haipotei. Inageuka amri ya kulipa, na serikali inaweza kuikata kwenye feza za kodi ambazo ilipaswa kumrudishia mwishoni mwa mwaka. Anafungua hesabu yake akitegemea zile euro za kununua vitabu vya watoto, anakuta zimepunguka juu ya safari ya mtu mwingine.

Hali ni tofauti kabisa kama askari amekusimamisha mwenyewe barabarani na huna makao katika inchi ile. Hapo hakuna barua. Ubelgiji inaomba ulipe palepale. Wanakubali kadi ya benki na wanatoa karatasi ya ushahidi. Usipolipa, gari linazuiliwa, gharama ni zako, na baada ya saa 96 linaweza kunyanganywa. Ufaransa nayo inaweza kudai dhamana na kulizuia gari. Tena usijaribu kumalizana na askari kwa noti iliyokunjwa ndani ya permi. Kule, kosa hilo ni zito mara nyingi kuliko kosa la mwendo.

Wale wanaokodi gari kwenye kampuni wanakutana na mshangao mwingine. Rada inaandika kampuni, kampuni inatoa jina lako kwa serikali, kisha inakata feza kwenye kadi yako ya benki. Mtu anaona euro 30 au 40 zimetoka, anapumua, anasema nimelipa faini. Hapana. Hiyo ni gharama ya kampuni kwa kazi ya kutaja jina lako, na imo ndani ya mkataba uliotia sahihi bila kuusoma. Faini yenyewe bado inakuja, kwa adrese uliyoandika siku ya kuchukua ufunguo. Ukiandika adrese ya Goma, imepotea. Ukiandika ya ndugu yako wa Ulaya, mwambie siku ileile.

Wanaoshuka hadi Italia, wengine kwa hija ya Roma, wajue ile alama ya duara jekundu kwenye mlango wa mitaa ya zamani, yenye herufi ZTL. Kamera inasoma plake ya kila gari lisilo na ruhusa ya kuingia pale. Ukizunguka mara tatu ukitafuta hoteli, unaweza kupata faini tatu. Kama hoteli iko ndani ya eneo hilo, iulize mapema kama inaweza kuandikisha plake yako. Tena sheria ya Italia inawapa siku 360 za kutuma barua kwa mtu anayeishi inje ya inchi, kwa hiyo inaweza kufika wakati umekwisha sahau hata rangi ya gari.

Uswisi haimo ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini ina mapatano na majirani zake na haina mchezo. Ndani ya mji, kuzidisha kilometa 1 hadi 5 ni franka 40, kutoka 6 hadi 10 ni 120, kutoka 11 hadi 15 ni 250. Na faini ambayo haikulipwa inaweza kugeuzwa kuwa siku za gereza.

Swali ambalo linaulizwa zaidi ya yote ni la visa. Je, faini ya rada inaweza kumzuia mtu kurudi Ulaya? Majina ya watu wanaokataliwa kuingia katika inchi za Schengen yanawekwa ndani ya mfumo unaoitwa SIS. Sheria ya mfumo huo inasema juu ya watu waliofukuzwa au kukatazwa kuingia, na wale wanaoonekana kuwa hatari kwa usalama, kwa mfano waliohukumiwa kwa kosa ambalo azabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja au zaidi. Faini ya euro 68 haimo katika mambo hayo. Kwa hiyo wale wanaotisha watu Bukavu kwamba rada moja imefunga mlango wa ubalozi wanazidisha. Ila deni lenyewe halifi upesi: Ufaransa ina miaka 3 ya kudai faini iliyoongezwa, na kila hatua ya kuidai inaanzisha hesabu upya.

Wezi nao wamejifunza. Ujumbe wa SMS au barua pepe unakuja ukisema una faini ambayo haijalipwa, euro 35, lipa leo la sivyo itakuwa 375, bonyeza hapa. Unapokelewa hata na watu ambao hawana gari. Ukurasa unaofunguka una bendera ya Ufaransa na rangi zake, unaomba nambari zote za kadi. Usibonyeze. Faini za Ufaransa zinalipwa kwenye amendes.gouv.fr, na za Ubelgiji kwenye amendesroutieres.be, andika adrese hiyo kwa vidole vyako mwenyewe, kisha weka nambari iliyo kwenye barua ya karatasi. Kama huna barua, mwulize mwenye gari kwanza.

Kulipa ukiwa Kivu ni shida ya peke yake. Kurasa hizo zinataka kadi ya benki inayokubaliwa kimataifa. Hazijui feza za simu. Na benki za Goma na Bukavu zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka wa 2025, kadi nyingi zikabaki plastiki tu mfukoni. Mara nyingi njia inayobaki ni kumtumia ndugu feza kupitia kampuni za kutuma pesa, gharama juu yake, ili alipe kutoka kule. Ndiyo sababu wale waliokwisha kuungua mara moja wanapanga mambo kabla ya kupanda ndege.

Mpango wenyewe hauhitaji elimu kubwa. Daftari ndogo linakaa ndani ya gari. Kila anayechukua ufunguo anaandika tarehe, saa na safari anayokwenda. Mgeni anaacha euro 100 au 150 ndani ya bahasha, na wanaelewana muda: kama miezi kadhaa imepita bila barua, feza zinarudi kwake au zinaingia kwenye sanduku la jamaa. Wanaelewana pia kwamba barua ikija, kaka analipa wiki ileile kwa bei ya chini, kisha ndiyo anatuma picha Bukavu. Mwenye kutaka kubisha atabisha baadaye, kwa euro 45 na si kwa 180.

Orodha ya makosa nayo inarefuka. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mpya inayoongeza mengine juu ya yale nane, kama vile kusimamisha gari pahali pa hatari, kupita gari lingine vibaya, kuvuka mstari mweupe usiokatika, au kugonga na kukimbia. Inchi zote za Umoja zina muda hadi Julai 2027 kuiingiza ndani ya sheria zao.